Gololi Ndani ya Kiloba cha Kakao

Milima yote ya Ruwenzori, kuanzia miguu yake mpaka theluji iliyo juu, ingeweza kubanwa ikaingia katika nafasi ya atomu moja, na bado ikabaki na uzito wake wote. Hakuna sheria ya fizikia inayokataza. Tena wako wataalamu wanaodhani kwamba vitu vya namna hiyo, yaani mashimo meusi madogo, vilizaliwa mwanzoni kabisa mwa ulimwengu, kabla ya nyota ya kwanza kuwaka, na kwamba mpaka leo vinapita kimya angani, vingi mno. Hakuna aliyewahi kuona hata kimoja.

Maneno hayo niliyasoma mbele ya mikrofoni hapa Butembo, Jumamosi moja asubuhi, na kabla sijameza mate simu ilikuwa imekwisha kulia. Msikilizaji wa Mangina alitaka kujua kama hayo mashimo yana mwenyewe, na kama mtu anaweza kuanza kuchimba bila kibali.

Ninyi mnaoingia redioni leo, wadogo zangu, mtapokea simu kama hiyo. Msimcheke mtu. Kwanza, aliyepiga ametumia salio lake. Pili, ameuliza swali la kweli: hicho mnachosema kipo wapi, na nitakifikiaje? Nimetangaza kipindi cha sayansi miaka mingi, na sijawahi kupata swali lingine. Linabadilisha nguo tu.

Mimi ni Masika. Niliingia redioni kama fundi wa kaseti, si kama mtangazaji. Kazi yangu ilikuwa kurudisha utepe kwa kalamu ili tusimalize betri, na kuandika juu ya kila kaseti kilichomo ndani yake. Aliyenifundisha kusema ni Papa Kasereka, mtangazaji mwenye sauti nzito na miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuwa na desturi moja ambayo vijana wote wa studio waliichukia. Kabla ya kuleta habari yoyote ngumu kwenye mikrofoni, ilikuwa lazima uende mlangoni na kumweleza Mama Katungu aliyekuwa akikaanga mandazi pale. Akiuliza swali, habari iko tayari. Akigeuza uso kuangalia mafuta yake, rudi ukaanze upya. Nilirudishwa na yale mafuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Siku niliyomweleza jinsi satelaiti inavyokaa juu bila kuanguka, aliniuliza nani anaitia mafuta. Nikaenda hewani nikiwa na furaha kama bibi harusi.

Vyombo vimebadilika. Leo mnarekodi kwa simu, mnakata kwa simu, mnatuma kwa simu, na msikilizaji wa Kasindi anawajibu kwa sauti kabla hamjamaliza kikombe cha chai. Ni vizuri. Lakini Mama Katungu hayumo ndani ya simu. Mtafuteni wenu.

Somo kubwa la pili nililipata wakati wa Ebola. Sitaisimulia yote, wengi wenu mlikuwepo, mlinawa mikono kwenye kila kizuizi kati ya hapa na Beni. Nasema tu kilichonihusu kama mtu wa redio. Tulianza kwa kuwaambia watu: ugonjwa upo, aminini. Hawakuamini. Kirusi hakionekani kwa macho, na sisi tulikuwa tukiwataka wakubali kwa sababu sisi tumesema. Tulipobadilisha, tukaanza kueleza jinsi ilivyojulikana, yaani nani aligusa nani, nani aliugua baada yake, damu inapimwa vipi, simu zikabadilika. Watu waliacha kututukana, wakaanza kuuliza. Tangu hapo nikawa na sheria moja kwa kila kitu kisichoonekana. Usimwambie msikilizaji kwamba kipo. Mwambie alama iliyoachwa ni ipi, na nani aliiona.

Sasa ndiyo ninafika kwa Zaituni.

Alikuja studio akiwa amevaa kitambaa cha kijani kichwani, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Beni. Alikuwa amemaliza fizikia hapa Butembo, na chuo kikuu cha Kampala kilikuwa kimekubali kumpokea aendelee. Masomo yalikuwa yanakaribia kuanza. Shida ilikuwa baba yake.

Baba yake ni Hadji Selemani wa Beni. Nani hamjui? Ananunua kakao kutoka Mangina na vijiji vya kando, anaipakia kwenye malori yake, na malori yanavuka Kasindi kuingia Uganda. Kaka mkubwa wa Zaituni aliyekuwa akishughulikia forodha pale Kasindi alikuwa amehamia Bunia na mke wake, na Hadji alikwisha kuamua kwamba kiti hicho sasa ni cha Zaituni. Binti alikuwa anajua Kifaransa, Kiswahili, Kinande na Kiingereza kidogo, hajibishani na watu, hapotezi kitu. Kwa kweli, hata mimi ningemweka pale.

Nilimwuliza Zaituni kama baba anakataa mtoto wa kike kusoma. Alisema hapana, ni yeye mwenyewe aliyempeleka shule. Alichokataa ni lile somo. Alimwambia mbele ya wajomba zake: ukasome madawa, ukasome barabara, nitakuacha uende hata leo. Lakini kwenda Kampala kutafuta kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona, na Kasindi inabaki bila mtu, hapana.

“Lakini anasikiliza kipindi yako kila posho,” Zaituni aliniambia, yaani kila Jumamosi. “Ye na bashofere yake. Mama Masika, unipatie dakika kidogo tu. Nyumbani hawezi kunisikiliza. Mu redio, atanisikiliza.”

Nilimpatia Jumamosi nzima. Niseme ukweli, ile Jumamosi haikwenda vizuri. Alisema mambo sahihi. Alieleza kwamba nyota za pembeni mwa galaksi zinakimbia mno, kiasi kwamba zingepaswa kutawanyika, kama uzito ungekuwa ule wa nyota na gesi tunazoziona peke yake. Kwa kuwa hazitawanyiki, kuna uzito mwingine unaozishika, mwingi kuliko ule unaoonekana, na hautoi mwanga. Wataalamu wanauita maada ya giza. Akaendelea: wengi wanadhani ni chembe ndogo zilizoenea kila mahali, chembe ambazo bado hazijakamatwa. Wengine wanasema huenda ni yale mashimo meusi ya mwanzo, ambayo si mashimo hasa, ni vitu vilivyobanwa mno mpaka mwanga wenyewe hautoki. Yote yalikuwa sawa. Lakini alisoma kama mtu anayejibu mtihani, na mimi nilikuwa namwona Mama Katungu kichwani mwangu akigeukia mafuta yake.

Kisha simu ikalia. Sauti nzito, ya taratibu. Alijitambulisha kuwa ni msikilizaji tu, wa Beni.

Nikamwangalia Zaituni. Alikuwa amefunga macho.

“Miye ninanunua kakao,” alisema msikilizaji wa Beni. “Nikona sonda yangu. Kama kitu iko ndani ya kiloba, sonda inaiona. Kama sonda haioni, ile kitu haiko. Ni hivi tu. Huyu mutoto anasema kitu haionekane, lakini iko. Miye nauliza: ye ni muuzaji ama ni muteja?”

Zaituni alijikaza akamjibu kwa heshima kabisa, “Aksanti kwa swali, papa musikilizaji.”

“Na tena,” akasema msikilizaji, “baba yake anasema nini juu ya hii kazi?”

“Bado hajasema, papa musikilizaji.”

“Basi amungoje aseme.” Akakata.

Nyuma ya kioo, fundi wetu alikuwa amelala juu ya meza kwa kicheko. Mji mzima ulikwisha kuelewa ni nani alikuwa anaongea na nani.

Kwa wale wasiojua, sonda ni bomba jembamba la chuma lenye ncha na upenyo ubavuni. Mnunuzi analichoma kwenye kiloba, lile gunia la kakao, bila kukifungua, punje zinateleza ndani yake, anazitoa na kuziangalia kwenye kiganja. Akipiga chini, kati na juu, anajua kiloba chote kina nini. Hadji ana jina Beni yote kwa mkono wake. Wanasema hata mchanga anausikia kwa jinsi chuma kinavyopita.

Nilipokuwa nakunja nyaya nilimwambia Zaituni kwamba baba yake ametupa zawadi. Alidhani ninamfariji. Nikamwuliza: kiloba kikiwa kizito kupita kiasi, mnunuzi anashuku nini? Akajibu bila kufikiri: ama mizani inadanganya, ama kakao ina maji, ama kuna mawe. Kisha akaweka mkono mdomoni. Ndiyo hasa mabishano ya wataalamu wake wote, pale pale. Wako wanaosema tunakosea jinsi uvutano unavyofanya kazi, hakuna kitu cha ziada: hao ni watu wa mizani inayodanganya. Wako wa chembe zilizoenea kila mahali: hao ni watu wa maji. Na wako wa mashimo ya mwanzo, mabonge mazito yaliyotawanyika huku na huku: hao ni watu wa mawe.

Jioni hiyo hiyo nilimpigia Hadji. Nilimwomba ruhusa tuje kurekodi kwenye depo yake, ghala la kakao, na sonda yake. Hakujifanya hajui. Alisema tuje. Akaongeza sharti lake, na nilimwomba alirudie ili nimnukuu vizuri: “Mama Masika, miye siko mutu wa kukatalia mutoto bule. Anielezee vizuri mupaka na miye niweze kuelezea bashofere yangu. Kama naweza, anaenda Kampala. Kama siwezi, anaenda Kasindi.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kipindi changu kilikuwa kimekuwa mlango wa mtu, na ufunguo umeachwa kwangu. Sijawahi kuandaa kipindi kwa uangalifu kama kile. Barabara ya Beni ilikuwa imefunguliwa wiki hiyo. Tulipanda asubuhi na mapema, tukafika mchana, na Zaituni akatayarisha viloba viwili mimi nikimwangalia, mlango umefungwa. Kakao ilikuwa moja, ya lundo moja, iliyokauka vizuri. Vyote viwili vilijazwa mpaka kwenye mshono uleule. Katika kimoja alichanganya gololi za chuma, zile za mviringo zinazokaa ndani ya magurudumu ya malori. Alizipata kwenye kopo la vyuma chakavu, nyuma ya gereji ya baba yake.

Asubuhi yake depo ilijaa. Madereva walikuwepo, na akina mama wanaochambua kakao juu ya turubai, na majirani waliosikia kwamba Hadji atapimwa. Nilishika mikrofoni karibu na mizani. Vijana, kumbukeni hili: katika redio msikilizaji haoni kiloba, basi mpe sauti yake. Kakao kavu inapomiminwa inasema kama mvua inayoanza kwenye bati. Niliirekodi kwanza, kabla ya mtu yeyote kuongea.

Hadji alikuja na kanzu safi na sonda mkononi. Akapima kiloba cha kwanza. Sawa. Akapima cha pili. Akainama kuangalia, akakishusha, akakipandisha tena.

Akasema mizani imechoka. Akaagiza ile ya jirani, ikaletwa na vijana wawili wakihema. Kiloba cha pili kikabaki kizito kuliko ndugu yake. Akasema basi ni maji. Akatoa punje chache, akazitikisa karibu na sikio, akauma moja, akaitema. Kavu. Akatabasamu, maana sasa lilikuwa limebaki jambo la mkono wake. Akapiga sonda chini. Kakao tupu. Akapiga katikati. Kakao tupu. Akazunguka upande wa pili, akakunja mkono wa kanzu, akapiga juu, akapiga pembeni, akapiga mahali ambapo nadhani hata sonda yenyewe ilishangaa. Kila mara kiganja chake kilijaa punje nzuri za kakao na hakuna kitu kingine.

Dereva mmoja mnene waliyemwita Mumbere alisema, “Hadji, pengine ni shetani.”

“Shetani haina kilo,” Hadji akamjibu bila kugeuka.

Kisha akanyamaza. Na mimi nikafanya jambo ambalo Papa Kasereka alinifundisha na ambalo ninyi mnaliogopa: niliacha kimya kiende. Ukimya kwenye redio unakuchoma kama pasi. Lakini mtu anayefikiri anatoa sauti, hata kama ni ya pumzi tu, na msikilizaji anaisikia. Hadji alisimama ameshika sonda. Aliangalia mizani. Aliangalia kiloba. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesaini:

“Iko kitu.”

Zaituni alikuwa upande wa pili wa kiloba. Sauti yake iko kwenye rekodi.

“Papa, sonda imesema nini?”

“Imesema hakuna.”

“Hapana, papa. Sonda inasema tu kama haikupata. Mahali yenye ilipita, haikukutana na kitu. Na kitu yenye ni kubwa kuliko mulango yake, hata ikikutana nayo, inaisukuma kando. Weye mwenyewe njo umesema iko kitu. Ulijua namna gani?”

Hadji aliomba kisu, akakata mshono mwenyewe, akakiinua kiloba kwa msaada wa Mumbere na kukimwaga juu ya turubai. Kakao ikashuka kwa ile sauti ya mvua, na katikati ya mvua gololi zikaanza kuruka na kukimbia huku na huku, moja ikapita chini ya kiti cha jirani, nyingine ikaenda mpaka mlangoni. Akina mama wa kuchambua walicheka mpaka wakashikana mabega. Mumbere aliokota moja, akaigeuza kwenye mwanga.

“Hadji, hii ni ya lori yetu.”

“Naona,” alisema Hadji.

Ningeweza kumaliza kipindi pale. Kicheko kilikuwa kizuri, na mtangazaji mvivu angezima mashine. Lakini Zaituni aliniomba mikrofoni isizimwe, na alifanya jambo lililonifanya nimheshimu. Alionyesha mwenyewe mahali mfano wake unapokomea. Aliwaambia watu wasidhani wameona jibu. Hapa tumemwaga kiloba, alisema. Ulimwengu hakuna mtu atakayeumwaga juu ya turubai. Na katika kiloba hiki mimi ndiye niliyetia gololi. Kule juu hatujui kama ni gololi, au ni maji, au mizani. Akasema wazi kwamba wataalamu walio wengi leo wako upande wa maji, ingawa chembe zenyewe bado hazijapatikana.

“Donc, basi, hamuwezi kuimwanga,” alisema Hadji.

“Hatuwezi.”

“Sasa munafanya nini?”

Akamweleza kuhusu sonda za angani. Ya kwanza ni hii: kitu kizito kikipita mbele ya nyota ya mbali, kinapinda mwanga wake, na nyota inaonekana kuwaka zaidi kwa muda, kisha inarudi kama ilivyokuwa. Watu wamekaa miaka wakikodolea nyota nyingi macho. Wameona mabadiliko hayo, lakini machache mno. Kwa hiyo mashimo yenye uzito kama wa Mwezi, au wa Dunia, au wa nyota ndogo, hayawezi kuwa ndiyo uzito wote unaotafutwa. Sonda ya pili ni wakati wenyewe. Nadharia inasema kwamba shimo jeusi dogo sana linajimaliza lenyewe polepole, kama tone la maji kwenye bati la moto, na yale yenye uzito wa kilima au chini yake yangekuwa yamekwisha kuyeyuka zamani. Hayo hayapo tena ya kutafutwa.

“Na ya katikati?” aliuliza Hadji. Aliuliza haraka, jinsi anavyouliza bei.

“Ya katikati, papa, hatuna sonda. Ni ndogo sana, hata mwanga wa nyota ni munene kwa kuipima. Ile njo naenda kusomea.”

Mama mmoja aliyekuwa akikusanya kakao aliuliza kama kitu hicho kinaweza kutupiga sisi hapa Beni, maana tumekwisha kupigwa na mengi. Zaituni alicheka. Alimwambia vitu hivyo, hata vikiwa vingi mno kwa jumla, vimeachana mbali sana; kama vina uzito wa Ruwenzori, Dunia ingeweza kusubiri zaidi ya umri wake wote bila kupitiwa na hata kimoja. Yule mama akasema basi hilo liko mwisho kwenye orodha yake, akarudi kwenye kakao.

Hadji alikuwa bado amesimama. Akamgeukia Mumbere, akamwita karibu, akaokota gololi moja na kuishika kati ya vidole. Niliweka mikrofoni karibu zaidi. Nilijua tumefika.

Alimweleza. Alianza na lori linalopanda kutoka Kasindi likiwa zito kuliko karatasi zake zinavyosema. Akaingia kwenye nyota zinazokimbia. Akachanganya galaksi na sayari, Zaituni akafungua kinywa kumsahihisha, Hadji akamnyooshea kidole amwache amalize. Akaeleza watu wa mizani, watu wa maji na watu wa mawe, akawapangia kila mmoja hoja yake kama watu wa kwao. Akaeleza kwamba mawe makubwa yametafutwa hayakutosha, na yale madogo kabisa yamekwisha kuyeyuka, na yale ya katikati hakuna aliyewahi kuyachoma. Kuhusu nani alitia hayo mawe, alirudia aliyoyasikia redioni, kwamba ulimwengu ulipoanza ulikuwa umebanana sana, na mahali pengine palibanana kupita pengine, pakajikunja penyewe. Na kwamba aliyeupanga ulimwengu anajua, Yeye hahitaji sonda. Zaituni baadaye aliniambia kwamba, ukitoa ile ya sayari, hakukuwa na kosa.

Alipomaliza alifuta jasho.

“Mumbere, umeelewa?”

Mumbere alifikiri. Aliangalia gololi, akamwangalia Zaituni, akamwangalia bosi wake.

“Nimeelewa, Hadji. Nimeelewa kama sasa unatafuta mutu ingine wa Kasindi.”

Sikilizeni ile rekodi hata leo: Hadji anacheka, na kicheko chake kinaziba kila kitu, hata maneno yangu ya kufunga kipindi hayasikiki. Fundi alitaka tuyarekodi upya studio. Nilimkataza. Kama mnataka kujua kazi hii ni nini, ni kujua wakati wa kuacha maneno yako yafunikwe.

Zaituni aliondoka kwa lori la baba yake, mbele, kando ya Mumbere, mpaka mpakani. Alimaliza Kampala, akaendelea mbali zaidi, na sasa yuko katika kundi linalotafuta ile sonda ya katikati. Wanajaribu njia nyingi: mwanga mkali usio wa kawaida unaotoka mbali sana, nyota zilizokufa ambazo zingeweza kuharibiwa zikipitiwa, hata mwendo wa sayari ukiyumba kidogo bila sababu. Ananitumia sauti kwenye simu, nami namwuliza kama Mama Katungu angeuliza swali ama angegeukia mafuta. Mara nyingi anaanza kueleza upya.

Hadji amezeeka kidogo, lakini hajaacha sonda. Kasindi aliweka mpwa wake, ambaye anabishana na watu na kupoteza vitu. Kila nikipita Beni ananiita depo, ananipa chai ya tangawizi, na madereva wapya wanalazimishwa kusikiliza habari ya kiloba tangu mwanzo. Sayari bado zimo. Kisha anampigia binti yake huku simu ikiwa wazi tusikie wote, na hata hamsalimii vizuri.

“Ni mawe ao ni maji?”

“Bado, papa.”

“Ao balansi, ile mizani?”

“Bado.”

Mpaka ninapoandika haya, ndivyo ilivyo. Uzito upo, nyota za pembeni bado zinashikwa na kitu. Mawe makubwa hayatoshi. Madogo kabisa yamekwisha. Kati ya hayo imebaki nafasi moja ambayo hakuna chombo cha binadamu kilichoichoma, na uzito wa Ruwenzori umo katikati ya nafasi hiyo.